Kishikwambi kinaweza kumfundisha mwanao kusikiliza ziwa

Neno kishikwambi wengi tulilizoea wakati wa Sensa ya mwaka 2022. Nyumbani kazi yake mara nyingi ni moja: katuni, ili mtoto anyamaze mama apike. Kikichukuliwa, kilio.

Kuna matumizi mengine, tena hayali bando. Muziki tulivu, ule usio na mwimbaji wala mdundo wa kuchezea, hutungwa kwa vidole tu, na mtoto hahitaji kujua nota. Programu ya Bloom, waliyoitengeneza Brian Eno na Peter Chilvers mwaka 2008, ndiyo ya kuanzia: ukigusa kioo hutoka sauti na duara, kisha sauti hiyo hujirudia polepole. Hata mtoto wa miaka mitano ataielewa.

Wa darasa la nne kwenda juu mpe Koala Sampler. Hii hurekodi sauti yoyote kwa maikrofoni ya kishikwambi na kuiweka kwenye kitufe. Mtoto anaweza kuipunguza kasi, kuirudiarudia, au kuipandisha juu ya nyingine. Hapa mtoto wa Mugango anamzidi wa mjini. Ana mawimbi yanayogonga ubavu wa mtumbwi, ndege wa ziwani, dagaa wakavu wanaokusanywa juani, na injini ya boti inayorudi alfajiri. Injini hiyo ikipunguzwa kasi hugeuka mvumo mzito, na juu yake mawimbi hukaa vizuri ajabu.

Usidhani ni mchezo wa kupoteza muda. Joseph Kamaru wa Kenya, anayejulikana kama KMRU, anafahamika kimataifa kwa muziki wa namna hii, akitumia sauti anazorekodi mitaani na porini. Albamu yake Peel ilitoka mwaka 2020. Babu yake, aliyeitwa pia Joseph Kamaru, alivuma kwa nyimbo za Kikikuyu. Mjukuu hakuimba, akashika njia yake.

Ufukweni mfuate mwenyewe. Ziwa lina mamba, na kishikwambi na maji havipatani. Akivaa spika za masikioni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asizidishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Huna kipimo? Ukimwita kwa sauti ya kawaida asisikie, punguza.

Akikuletea alichotunga, keti umsikilize mpaka mwisho, hata kama ni dakika sita za injini.