Kuongeza Matundu ya USB kwa Kadi: Hesabu Itangulie

Utangulizi

Mara nyingi mwalimu mwanafunzi aendapo katika mazoezi ya kufundisha hukuta shule ina kompyuta mpakato moja tu, nayo ni ya zamani, yenye matundu mawili ya USB. Tundu moja limeshikwa na kipanya na la pili na printa. Hapana pa kuchomeka flashi yenye maandalio ya somo. Njia mojawapo ya kuondoa dhiki hiyo ni kuingiza kadi ya nyongeza ubavuni mwa kompyuta. Katika makala haya tunakusudia kueleza kadi hiyo ni nini, inavyofanya kazi, na jinsi mwalimu awezavyo kuitumia kama zana ya kufundishia. Lakini kabla ya yote twapenda kusisitiza jambo moja: kuongeza matundu si kuongeza umeme. Asiyelitambua jambo hili aweza kupoteza kazi ya darasa zima.

Hatusemi hivi kwa kubahatisha. Katika shule moja tuliyoitembelea, mwalimu mwanafunzi aliingiza kadi yenye matundu mawili, akachomeka diski ya nje, akaanza kuhifadhi alama za muhula. Kazi ikiwa katikati, mwenziwe akachomeka diski ya pili katika tundu lililobaki. Diski zote mbili zikagongagonga, kisha zikazimika. Faili la alama halikufunguka tena, na ikawabidi walimu wakusanye upya madaftari ya wanafunzi na kujumlisha alama moja moja. Kadi haikuwa mbovu, wala walimu hawakuwa wazembe. Kilichokosekana ni hesabu.

Kuitambua kadi

Kompyuta za zamani zina mwanya wa kadi wa aina mbili. Aina ya kwanza ni PC Card, iliyoanza mwaka 1990. Ile iliyoboreshwa mwaka 1995 huitwa CardBus. Upana wake ni milimita 54. Aina ya pili ni ExpressCard, iliyotolewa mwaka 2003, nayo ina kadi za milimita 34 na za milimita 54. Kadi nyembamba huingia pia katika mwanya mpana wa ExpressCard, lakini kadi ya ExpressCard haifanyi kazi kabisa katika mwanya wa CardBus. Kwa hiyo rula peke yake haitoshi. Mwalimu na amulike ndani ya mwanya kwa tochi: akiona safu mbili za sindano, zikiwa 68 kwa jumla, huo ni mwanya wa PC Card au CardBus. Ule mwanya mdogo wa kadi za kamera usichanganywe na hii.

Kuingiza kadi si kazi ngumu. Kipande cha plastiki kinachoziba mwanya husukumwa ndani kidogo ili kichomoke, kisha kadi huingizwa taratibu mpaka ishike. Kadi ya USB 2.0 kwa kawaida hutambuliwa na kompyuta bila taabu. Kadi ya USB 3.0 hutambuliwa na Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, na zilizofuata. Windows 7 huhitaji kwanza draiva ya mtengenezaji.

Kuhusu kasi, mwalimu asidanganywe na maandishi ya kasha. USB 3.0 husifiwa kwa gigabiti 5 kwa sekunde, lakini njia ya ExpressCard ya kawaida ina gigabiti 2.5 tu. Maji hayawezi kupita kwa wingi kuliko upana wa mfereji.

Hesabu ya umeme

Hapa ndipo kiini cha makala haya. Tundu moja la USB 2.0 hutarajiwa kutoa hadi miliampia 500 kwa volti 5. La USB 3.0, miliampia 900. Sasa tutazame chanzo. Mwanya wa ExpressCard hauna volti 5. Umeme wake mkuu ni wa volti 3.3, wastani wa ampia 1, yaani wati 3.3. Kadi hulazimika kuupandisha hadi volti 5. Tukigawanya 3.3 kwa 5 twapata ampia 0.66, sawa na miliampia 660. Na hata hizo hazifiki zote, kwa kuwa kadi yenyewe hutumia sehemu, na nyingine hupotea kama joto. Matundu mawili yangehitaji miliampia 1000. Hazipo.

Ndiyo sababu kadi nyingi zina kitundu kidogo cha pembeni cha kupokea umeme wa nje. Adapta ya volti 5 ikichomekwa hapo, upungufu huondoka. Baadhi ya kadi huja na waya wa kuchukua umeme huo katika tundu la USB la kompyuta ileile. Hapo mwalimu hupata matundu mawili na kutoa moja.

Mahali pasipo na adapta, twashauri mpango huu: printa, ambayo ina umeme wake wa ukutani, na kipanya, ambacho hutumia umeme kidogo, vihamishiwe kwenye kadi. Diski ya nje ichomekwe katika tundu la kompyuta yenyewe.

Namna ya kufundisha

Jambo hili laweza kuwa somo zuri la darasa la sita au la saba, hata shule ikiwa na kompyuta moja tu.

(a) Mwalimu aunge mpira wa maji bombani, azibe ncha yake, autoboe matundu matatu, na afungue bomba kidogo tu. Wanafunzi wazibe matundu mawili kwa vidole na kutazama maji yarukavyo. Kisha waachie moja moja. Pasipo na bomba, zitumike balbu tatu za tochi na betri iliyokwisha kuchakaa.

(b) Wanafunzi waeleze wenyewe walichokiona kabla mwalimu hajasema neno.

(c) Kila kundi lipewe hesabu: kadi imebakiwa na miliampia 550; kipanya chahitaji 100, flashi 200, diski 500. Vifaa gani viwili vyaweza kutumika pamoja? Watagundua kwamba ni kipanya na flashi tu.

(d) Mwisho, kundi moja lipange vifaa halisi katika kompyuta ya shule na kutoa sababu za mpango wake.

Hitimisho

Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena mwanya wa kadi. Badala yake hutumiwa kigawanyi cha nje, kiitwacho habu. Hata hivyo kanuni ni ileile, na habu isiyo na adapta yake ina udhaifu uleule. Mwalimu anayejumlisha miliampia kabla ya kuchomeka atalinda kazi ya wanafunzi wake, na atakuwa amewafundisha kuuliza umeme unatoka wapi kabla ya kuuliza matundu ni mangapi.