Kusoma Takwimu za Wasikilizaji wa Mijadala ya Siasa Redioni

Takwimu za wasikilizaji wa redio ni makadirio: watu wachache huulizwa ili ijulikane tabia ya wengi. Mnara hurusha matangazo kwa kila aliye jirani, lakini hauna njia ya kujua nani amewasha redio. Ndiyo maana watafiti hupita nyumba kwa nyumba, hupiga simu au, kama ifanyavyo kampuni ya utafiti ya GeoPoll, hutuma maswali kwa ujumbe mfupi, wakiuliza mtu alisikiliza kituo gani na saa ngapi.

Majibu hayo huzaa vipimo viwili ambavyo mara nyingi huchanganywa. Cha kwanza ni idadi ya waliofikiwa, yaani watu wote waliosikiliza kituo hata kwa dakika chache. Cha pili ni mgawo wa muda, yaani sehemu ya muda wote wa usikilizaji iliyokwenda kwa kituo hicho. Tuseme katika kijiji watu 60 hufungua kituo cha kwanza kwa dakika 10 kusikia magazeti yakisomwa asubuhi, na watu 30 husikiliza mjadala wa saa nzima katika kituo cha pili. Cha kwanza kina wasikilizaji mara mbili, lakini kimepata dakika 600 tu. Cha pili kimepata 1,800. Vyote viwili vinaweza kujitangaza kuwa vinaongoza, na kila kimoja kina hesabu yake.

Jambo la pili la kuangalia ni idadi ya walioulizwa. Sampuli nzuri ya watu 2,400 inaweza kupotoka kwa takriban asilimia 2 kila upande. Ya watu 400, asilimia 5. Ya watu 100, asilimia 10. Kwa hiyo asilimia 31 dhidi ya 28 katika sampuli ya watu 400 haitoi mshindi.

Hapo ndipo wilaya za pembezoni hupotea. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,056 wilayani Ngara, kati ya Watanzania wapatao milioni 44.9. Sampuli ya taifa ya watu 2,400 ikigawanywa kwa uwiano huo, Ngara nzima hupata watu 17 hivi, na kata yake ya Keza huenda isipate hata mmoja. Orodha ya vituo kumi bora nchini haiwezi kueleza Keza inasikiliza nini.

Ngara ina mazingira yake. Inapakana na Rwanda na Burundi, na pamoja na Kiswahili watu wake huzungumza Kihangaza na Kishubi, lugha zinazokaribiana na Kirundi. Radio Kwizera ilianzishwa huko mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, wakati wilaya ilipokuwa imejaa wakimbizi wa Rwanda na Burundi. Dodoso lenye majina ya vituo vya Dar es Salaam pekee halitaona usikilizaji wa kituo kama hicho. Utafiti wa simu nao humwacha asiye na simu, ingawa huenda ndiye anayekaa kila jioni kwenye redio ya jirani.

Kwa mijadala ya siasa tahadhari huongezeka. Wanaopiga simu studioni ni wale wenye salio, nafasi na ujasiri. Wingi wao si kipimo cha wasikilizaji. Mtu anayemhofia muulizaji anaweza kuficha kipindi anachokipenda. Takwimu zilizokusanywa karibu na uchaguzi mkuu hazifai kulinganishwa na za mwaka usio na kampeni. Tena kusikiliza si kukubali: mpinzani wa mtangazaji huhesabiwa sawa na shabiki wake.

Basi kabla ya kuamini asilimia yoyote, msomaji aulize mambo manne: waliulizwa akina nani, wangapi walitoka eneo linalozungumziwa, lini, na neno “kusikiliza” lilimaanisha nini. Takwimu isiyojibu maswali hayo haitoshi kuamua nani anasikilizwa zaidi.