Daktari wa Meno Akikuuliza Kuhusu Tumbo la Babako, Mjibu

Nilikuwa Kondele, nimeachama kama ngege wa Dunga, wakati daktari wa meno aliponiuliza swali nililoliona la ovyo: "Kuna mtu kwenu aliyefariki kwa ugonjwa wa tumbo akiwa bado kijana?" Buda, mimi nimekuja kung'olewa gego. Tumbo linaingiaje hapa?

Linaingia. Kwenye eksirei alikuwa ameona kijino cha ziada kimelala ndani ya taya, hakina kazi. Kwa watu wengi kijino kama hicho hakina maana yoyote. Lakini zipo familia chache ambazo meno ya ziada, meno yaliyokataa kuchomoza na vinundu vigumu vya mfupa kwenye taya huwa dalili ya kinachoendelea kwenye utumbo mpana.

Niliacha chuo, kwa hivyo biolojia yangu ni ya kuungaunga. Nilimfanya arudie mara tatu. Ugonjwa wenyewe unaitwa sindromu ya Gardner, kwa jina la Eldon Gardner, mtaalamu wa urithi huko Utah, Marekani, aliyeandika kuhusu ukoo mmoja wa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ndani ya utumbo mpana huota vinyama vinavyoitwa polipu. Si viwili vitatu, ni mamia, hata maelfu. Vinaanza ujanani, kimyakimya. Usipotibiwa, saratani ya utumbo ni karibu hakika, mara nyingi mtu akiwa na miaka kama 40 hivi. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni iitwayo APC, iliyotambuliwa mwaka wa 1991. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi, kama kurusha sarafu. Wengine huwa wa kwanza kwao kuwa nayo.

Vile vinundu vya taya si saratani, na vingi haviumi. Ila vinaweza kutokea miaka mingi kabla tumbo halijalalamika. Ndiyo maana daktari wa meno anaweza kuwa mtu wa kwanza kushuku.

Sasa njoo kwetu. Umewahi kukaa kwenye matanga usikie mtu akihesabu kwa sauti ya chini? Baba alienda na miaka 38, tumbo. Ndugu yake 41, tumbo. Kisha neno linatupwa: chira. Kuna aliyekosea mila, labda nyumba ilijengwa bila kufuata utaratibu. Mimi sina ugomvi na mila. Shida yangu ni kwamba jeni hii inapita kwenye ukoo, inamgusa huyu na kumwacha ndugu yake, na ukiitazama kutoka nje inafanana na laana kabisa. Tofauti ni kwamba hii ina kipimo.

Usichanganye lakini. Ukitaja taya na ziwa hili, madaktari hukumbuka kwanza limfoma ya Burkitt. Hiyo hushika watoto, taya linavimba haraka, meno yanalegea. Hairithiwi kama Gardner. Inahusishwa na virusi vya Epstein-Barr pamoja na malaria, ambayo sisi wa ziwani ni jirani yetu. Denis Burkitt, mpasuaji kutoka Ireland aliyekuwa Mulago, Kampala, aliielezea mwaka wa 1958. Mtoto wa hivyo apelekwe hospitali leo, si baada ya mvua, kwa sababu dawa zake zipo na watoto hupona.

Cha ajabu, Burkitt huyohuyo baadaye aligeukia utumbo, akawahimiza Wazungu wale nyuzinyuzi kama watu wa vijijini Afrika, kwa kuwa aliona saratani ya utumbo ni nadra huku. Nadhani sifa hiyo ilitulevya. Mtu akisema ameona damu chooni, sisi tunajibu: amiba, au bawasiri. Kula osuga na ugali wa mtama upendavyo, lakini jeni ya APC haiangalii sahani.

Kwa familia yenye historia hii, watoto huanza kuchunguzwa utumbo kwa kamera wakiwa na miaka 10 hadi 12 hivi, na polipu zikizidi, utumbo mpana hutolewa kabla saratani haijaingia. Ni operesheni nzito, lakini watu wanaishi. Ukiwa Kisumu, ukienda Jaramogi, ile hospitali wazee huiita Russia, nenda na orodha: nani alifariki, akiwa na miaka mingapi, alilalamika wapi.

Yangu niliifuata Bondo. Nilimpigia waya, dada ya baba, akanyamaza kidogo. "Nyathina, hayo hayasemwi kwa simu." Jumamosi nikapanda matatu. Waya ni wa kizazi kile kilichong'olewa meno sita ya chini, kwa hivyo mambo ya kinywa hayamtishi. Alihesabu kwa vidole: malaria, mashua, pumu, barabara, uzee. Tumbo hakuna, isipokuwa mjomba mmoja ambaye hana uhakika naye.

Kisha akaniuliza kama kile kijino kimetolewa. Nikamwambia bado kimo.