Watu walipoongezeka, vilima vya Machakos vikapona

Mwaka 1937, Colin Maher, afisa wa kikoloni aliyesimamia hifadhi ya udongo nchini Kenya, aliandika ripoti ya kutisha kuhusu Ukambani, nchi ya Wakamba. Vilima vya Machakos vilikuwa vipara, udongo ukisombwa na kila mvua, makorongo yakizidi kupanuka. Wakubwa wa Nairobi wakakata shauri: watu wamezidi, mifugo imezidi, ardhi imeelemewa.

Wilaya nzima ya Machakos wakati huo ilikuwa na watu wapatao 240,000.

Dawa ikawa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ilikamatwa na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Maelfu ya Wakamba, wake kwa waume, wakafunga safari hadi Nairobi na kupiga kambi wakidai gavana awasikilize. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu. Lililosahaulika katika lawama zile ni kwamba walowezi walikuwa wameshatwaa sehemu kubwa ya malisho, na wenyeji wakabanwa ndani ya mpaka waliochorewa.

Kufikia 1989, watu wa Machakos walikaribia milioni 1.4. Kwa hesabu ya Thomas Malthus, kasisi Mwingereza aliyeonya mwaka 1798 kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula, pale palistahili kuwa jangwa. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochunguza miaka 60 ya wilaya hiyo, walikuta kinyume chake. Kitabu chao cha 1994 kilionyesha kuwa mavuno kwa kila mtu yalikuwa yameongezeka takriban mara tatu, mmomonyoko umepungua na miti imeongezeka mashambani.

Siri ilikuwa jasho, pamoja na faida. Katika matuta ya fanya juu, mkulima huchimba mtaro unaokingama mteremko na kutupa udongo upande wa juu. Maji hutulia, na mwaka baada ya mwaka shamba hujisawazisha lenyewe. Kazi hiyo ngumu ilifanywa zaidi na wanawake, katika vikundi vya mwethya vilivyozunguka kutoka shamba hadi shamba. Enzi za ukoloni, matuta ya kulazimishwa yalichukiwa. Yalipendwa Waafrika waliporuhusiwa kulima kahawa, kwa kuwa sasa kingo za shamba zililinda pesa. Soko la Nairobi, kama kilomita 60 tu, likanunua mboga na matunda. Mishahara ya waliofanya kazi mjini ikarudi kununua majembe na plau. Kituo cha utafiti cha Katumani nacho kikatoa mahindi yanayokomaa mapema, kabla mvua fupi haijakatika.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kuzaa sana ndiko kunakoponya udongo. Kulikuwa pia na ardhi mpya ya kuhamia, hasa upande wa Makueni, ingawa ni kavu zaidi. Si kila wilaya iliyo jirani na jiji, na shamba likigawiwa wana kila kizazi hufika mahali halitoshi hata mbuzi. Wakenya wenyewe wameliona hilo: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke alikadiriwa kuzaa watoto 8, utafiti wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Dunia nayo ilifikisha watu bilioni 8 mwaka 2022, na Umoja wa Mataifa unatarajia idadi ifike kileleni, takriban bilioni 10.3, katika miaka ya 2080.

Lakini idadi ni nusu tu ya hesabu; nusu nyingine ni nani anayeitumia ardhi. Leo Ukambani kunaumizwa na malori yanayosomba mchanga. Mchanga wa mito ya msimu huhifadhi maji ambayo watu huyachimbua wakati wa kiangazi. Ukichotwa kupita kiasi, visima hukauka. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kudhibiti uchotaji huo. Mchanga huo haujengi nyumba za wanaokosa maji pekee. Sehemu kubwa hujenga magorofa ya Nairobi. Kwa hiyo anayetaka kujua ardhi ya Ukambani inaweza kubeba watu wangapi, aanze kwa kuuliza inawabeba akina nani wasioishi pale.