Yyrkoon: Akili na Wazimu katika Nyumba ya Kifalme

Hadithi ya kwanza ya Elric, iliyotungwa na Mwingereza Michael Moorcock, ilichapishwa mwaka 1961. Elric ni mfalme wa Melniboné, kisiwa ambacho dola yake ilitawala dunia miaka 10,000. Yyrkoon, binamu yake, anakitamani kiti chake cha yakuti.

Yyrkoon si mpumbavu. Ni mjuzi wa uchawi na hodari wa vita. Wazimu wake hautokani na upungufu wa akili, bali na kuzishika mno mila: kwake ukatili ndio adabu ya wazee, na mfalme mwenye huruma ni mfalme aliyepotoka. Hoja zake zafuatana vema. Msingi wake ndio mbovu.

Katika riwaya ya mwaka 1972, Yyrkoon amtosa Elric baharini, ashindwa, kisha asamehewa na kuachiwa kiti akishike kwa muda. Hadithi ya 1961 yaeleza yaliyofuata: Yyrkoon amekinyakua kiti hicho. Elric arudi na maharamia wa kigeni. Mji wateketezwa, Yyrkoon auawa, na Cymoril, dada yake aliyependwa na Elric, afa kwa upanga wa mpenzi wake.

Hivyo yule aliyedai kuilinda dola ndiye aliyeifungulia adui mlango.