Ua la Chunguni Lisigeuke Gugu la Jirani

Ipelele, wilayani Makete mkoani Njombe, ni nchi ya baridi na viazi mviringo. Katika wilaya hiyo hiyo umeenea uwanda wa Kitulo, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Si ajabu, basi, kuona familia za huku zikipenda kupamba milango yao kwa maua.

Miongoni mwa maua hayo ni oksalisi. Kila kikonyo hubeba vijani vitatu mfano wa moyo, vyenye ladha ya uchachu. Usiku hujikunja kama mwavuli, na kukipambazuka hukunjuka. Mwenye mazingatio haoni hapo pambo tu, bali huona dalili ya uwezo wa Muumba, Subhanahu wa Ta'ala.

Hata hivyo, uzuri huo una sharti lake. Aina yenye maua ya waridi iitwayo *Oxalis latifolia*, ambayo asili yake ni Mexico na nchi za kusini mwake, imekuwa gugu sugu katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Chini ya udongo ina kitunguu, nacho huzaa vitunguu vingi vidogo. Jembe haliviui, bali huvitawanya. Vikishaingia katika shamba la viazi, palizi haina mwisho.

Hapo ndipo fiqhi inapoingia bustanini. Sheria yetu imekataza Muislamu kumdhuru mwenziwe, na haki ya jirani ni nzito. Shamba hilo la jirani huenda ndiyo ada ya mwanawe, au riziki ya mjane na mayatima wake.

Kwa hiyo, oksalisi na ioteshwe chunguni. Chukua chungu au ndoo kuukuu yenye matundu chini, uchanganye udongo, mchanga na samadi iliyooza. Fukia vitunguu kwa kina cha sentimita 2 au 3, ukiweke chungu penye mwanga, na umwagilie udongo wa juu unapokauka. Majani yakinyauka yote, mmea umepumzika. Punguza maji, nao utachipua tena. Msimu wa sakitu, uingize ndani usiku.

Mwenye bustani ya mawe asiupande ardhini. Aweke chungu chake juu ya jiwe bapa, katikati ya mawe, ili mizizi isishuke udongoni. Udongo wa zamani usimwagwe shambani wala mtoni. Uchekechwe kwanza, na vitunguu vyote vichomwe moto.

Watoto nao waangaliwe. Uchachu ule ni wa asidi ya oksaliki, ambayo ikizidi hudhuru figo, za watu na za kondoo na mbuzi pia.

Na jirani akiomba mbegu, apewe kwa moyo mkunjufu, lakini aelezwe kwanza tabia ya mmea huu, kwani kunasihiana ni katika dini.