Mtoto Hajui, Mwandishi Lazima Ajue

Katika riwaya ya Number the Stars ya Mmarekani Lois Lowry, iliyotoka mwaka 1989, vita vinamfikia mtoto kupitia kifungo cha koti. Ni mwaka 1943 mjini Copenhagen, Wajerumani wakiwa wameikalia Denmark tangu Aprili 1940. Watoto wametumwa kununua kifungo katika duka la Bi Hirsch, Myahudi. Wanakuta mlango umepigwa kufuli na tangazo la Kijerumani limebandikwa. Hawaelewi kuna nini. Wanarudi nyumbani mikono mitupu.

Nguvu ya riwaya za kihistoria za vijana iko hapo. Mtoto haoni vita vya ramani na majenerali. Anaona duka alilolizoea limefungwa. Msomaji anayejua kidogo kumzidi ndiye anayeingiwa na hofu, na hofu hiyo humfanya aulize.

Baadaye Annemarie, mmoja wa watoto hao, mwenye umri wa miaka kumi, anapita msituni na kikapu cha chakula, amebeba kifurushi asichokijua. Askari wenye mbwa wanamsimamisha. Ndani mna leso tu, lakini imetiwa dawa ya kuwapotezea mbwa uwezo wa kunusa, wasiwagundue Wayahudi waliofichwa kwenye mashua. Lowry hakulibuni jambo hilo. Leso za damu iliyokaushwa na kokeini zilitumika kweli, na Oktoba 1943 Wadenmark waliwavusha Wayahudi wapatao 7,200 hadi Uswidi. Hata kutojua kwa Annemarie kuna ukweli wake: katika harakati za siri, asiyejua hana cha kufichua akihojiwa.

Sasa tazama The Boy in the Striped Pajamas ya John Boyne, ya mwaka 2006. Bruno, mwana wa kamanda wa kambi ya Auschwitz, ana miaka tisa, na haelewi kinachotendeka ng'ambo ya ua wa nyumba yao. Kwa muda mrefu anakutana na Shmuel, mtoto wa Kiyahudi, wakiongea kupitia seng'enge. Lakini seng'enge za Auschwitz zilikuwa na umeme na ulinzi mkali, na watoto wengi wa Kiyahudi waliuawa kwa gesi mara tu walipofikishwa. Januari 2020 Makumbusho ya Auschwitz yalishauri kitabu hicho kiepukwe na anayesoma au kufundisha historia ya maangamizi ya Wayahudi. Ninakubaliana nayo. Kosa kubwa zaidi liko mwishoni: msomaji anaongozwa kulilia zaidi msiba wa familia ya kamanda, huku msiba wa Shmuel ukiachwa kando.

Wapo wanaosema hadithi ni hadithi, mradi imemgusa kijana. Siafiki. Kijana huyo mara nyingi hatasoma kitabu kingine kuhusu maangamizi hayo. Atakachokiamini ni alichokililia.

Lowry alimaliza kitabu chake kwa kueleza kipi kilitokea na kipi alikitunga. Mzazi na mwalimu, anzeni kukagua hapo. Kama mwandishi hakuwaeleza, ulizeni wenyewe, na mtafute jibu pamoja na mtoto kabla kitabu hakijarudi rafuni.